Usimruhusu Mtu Akupimie Kilomita Zako

Wiki hii msomaji mmoja wa Njoro ameniandikia: "Dada, kilomita kumi nazimaliza vizuri tu. Ishirini na moja za nusu marathoni ndizo zinanitisha. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lake limenigusa, kwa hivyo wacha niseme yote.

Nilipoanza kukimbia hapa Nakuru nilijiunga na kikundi cha mazoezi ya asubuhi. Kocha alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema mbele ya wote, "Mama, wewe tembea tu. Mwili wako si wa mbio ndefu." Wengine wakacheka. Maneno hayo yananichoma hadi leo, na sitajifanya nimeyasahau. Sikurudi kwake. Nikaanza kupanda mlima Menengai peke yangu.

Anayeijua njia hiyo anajua haina huruma. Jiji letu liko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano kule juu, unafika mita 2,278. Unaziacha nyumba nyuma, unaingia kwenye mikaratusi, na mlima bado unapanda. Mapaja yanawaka moto, kichomi kinakushika ubavuni, jasho linaingia machoni. Ukifika juu, upepo unaotoka kwenye kreta unakupiga kifuani na fulana yote inakuwa baridi kama maji ya kisima. Mara ya kwanza nilipofika pale bila kusimama njiani, nililia kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kunisikia, na hata angekuwepo nisingejali.

Kilichonifikisha ni kupunguza mwendo. Ndugu zangu, wengi wenu mnakimbia mbio ndefu kwa kasi ya mbio fupi, halafu mnalaumu mapafu. Ukishindwa kutamka sentensi nzima ukiwa unakimbia, punguza. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, hapigi kasi kila siku. Siku za mbio nyepesi, wakimbiaji wetu wakubwa huanza taratibu hadi mtu wa kawaida anaweza kuwafuata kwa muda. Sasa wewe unashindana na nani saa kumi na mbili asubuhi?

Na mle. Misuli na ini huhifadhi sukari ya kukimbilia, na kwenye marathoni wengi huishiwa karibu na kilomita ya thelathini. Kwa ishirini na moja, ugali au viazi vya usiku vinatosha, pamoja na chai na mkate mapema asubuhi. Maharagwe yaache hadi umalize mbio.

Mwezi uliopita nilimaliza nusu marathoni yangu ya kwanza bila kutembea hata hatua moja. Kufika kilomita ya kumi na saba nyayo zilikuwa zimejaa malengelenge, nikawa nawapita vijana waliotoka kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine. Najivunia jambo hilo na sioni aibu kulisema. Wewe unayejiambia umri umepita, au umezaa, au mwili ni mzito, nani amekuambia? Amewahi kukimbia ndani ya mwili wako? Mwendo wako ni wako. Punguza kasi, ongeza umbali, na usiombe mtu ruhusa.

Kwa msomaji wangu wa Njoro: Jumapili hii kimbia kumi na mbili, polepole. Inayofuata kumi na nne. Ya tatu rudi kwenye kumi ili miguu ipumzike, kisha panda tena. Katikati ya wiki kimbia siku mbili au tatu kwa umbali mfupi, na siku baada ya mbio ndefu usikimbie kabisa. Ukipata njia ya udongo, iache lami. Ukimaliza kumi na nane na bado unaweza kuongea, jiandikishe kwa mashindano, kisha uniandikie tena.