Kaa wa makombe hawali ugali, niwape nini?

Dada, umesema kaa wako wawili waliotoka Bagamoyo, wale wanaobeba makombe ya konokono, hawagusi ugali unaowawekea asubuhi hapo Ipagala, Dodoma. Hao hula usiku, na ugali mtupu hauwafai. Jioni weka vipande vidogo kama punje ya harage: papai, boga, nazi, dagaa wa Kigoma wasio na chumvi. Nikiweka dagaa, mmoja wangu humshika kwa gando na kumnyofoa taratibu, utapenda kumtazama. Zabibu zetu pia wanakula, ila zioshe sana, hupigwa dawa. Maganda ya mayai yachemshe, yaanike, uyatwange. Kalsiamu yake hukomaza magamba yao. Masalio yatoe asubuhi, sisimizi wasije.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukavu wa Dodoma. Wanapumua kwa matamvua, yakikauka wanakufa hata wakishiba. Funika tangi, mchanga uwe na unyevu. Weka bakuli mbili: maji yasiyo na chumvi, na maji yenye chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu, gramu 35 kwa lita. Akijizika wiki kadhaa, tafadhali usimfukue, anajivua gamba.