Taa ilikuwa wapi

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata. Wauliza ukiacha hiyo ofisi ya hatimiliki na kuuza nyumba ukafanya kesi za jinai peke yake, kutetea washtakiwa tu, utapata kula ama utarudi kukaa kwangu. Ya kula waulize wenzio. Mawakili wengi ninaowajua hapa Mombasa wanashika kila kitu, leo talaka, kesho shamba la Kikambala, keshokutwa mwizi wa simu, lazima kuna sababu.

Lakini si wajua ya mjomba wako. Aliposhikwa 1999 wewe wanyonya bado. Wizi wa mabavu, na kabla ya hii Katiba ya 2010 hiyo haikuwa na dhamana, ukipatikana na hatia ni kitanzi, na serikali ilikuwa yampa wakili mwenye kesi ya mauaji tu kule Hai Koti, wa wizi wa mabavu ajitafutie mwenyewe. Tukaenda kwa yule wakili wa mashamba wa babako, mtu mzuri wallahi, suti safi, sauti yasikika mpaka nje. Miezi 14 napanda matatu ya Mtwapa nashuka jela ya Shimo la Tewa na kimfuko changu cha sabuni, kesi yatajwa, yaahirishwa, alafu siku shahidi aliposema alimuona mjomba wako usiku, wakili wetu akasimama akamfokea ati wewe mwongo! Akaketi. Basi.

Nyanyako akauza mkufu (ndio, ule mnaouulizia kila harusi) tukapata mwengine, mfupi, ana kikohozi, hafanyi kingine ila jinai. Akaomba shahidi aitwe tena, akamuuliza polepole kama anayeuliza bei ya samaki: taa ilikuwa wapi? Stima au koroboi? Mbele yako au nyuma? Ulimtazama muda gani? Polisi mara ya kwanza uliwaambia yukoje? Yule mtu akaanza kutoka jasho. Mjomba wako akarudi nyumbani. Uliponisomea ile kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, ati korti iwe na hadhari na shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika hali ngumu, nilicheka, manake mimi hiyo sikuisoma kitabuni. Wakili ni masikio, nishakwambia, mdomo baadaye.

Sasa hii sijakwambia vizuri. 2003 duka letu la Kisauni lilipovunjwa nikapigwa, kovu walijua, kijana mmoja akashikwa. Naingia kortini, nani amesimama upande wake? Yule yule, na kikohozi chake. Akanisalimu kwa heshima. Kisha, "Mama, taa ilikuwa wapi?"

Stima ilikuwa imepotea usiku ule, na nilijua. Nikasema kulikuwa na mbalamwezi. Akanyamaza kidogo akauliza, mama, mlikuwa mmeanza kufunga Ramadhani? Nikajibu bado, kesho yake ndo tulipanda darini kutafuta mwezi. Mwezi haujaandama, mbalamwezi yatoka wapi? Korti nzima ikacheka. Hata karani.

Kijana akaachiliwa. Ni yeye, mimi naapa ni yeye. Babako naye asema ni yeye, lakini babako hakuwepo. Na yule shahidi wa mjomba wako pia si aliapa? Haya. Lakini mimi nilipigwa jamani, yule hakupigwa! Wakili ni masikio, sawa, lakini siku ile masikio yale tuliyolipia mkufu yalikuwa yananisikiliza mimi.

Huyo kijana nilikuwa namuona sokoni Kongowea asukuma mkokoteni. Shikamoo mama. Namwitikia marahaba.

Kwa hivyo sikwambii fanya, sikwambii usifanye, ingawa ulimi wanikuna. Ukifanya, na ikaja zamu ya kumhoji mwanamke aliyevunjiwa duka, hilo swali la taa muulize tu, ndo kazi yako. Ila muombe hakimu aruhusiwe kuketi. Mimi nilikuwa nimesimama.

Mamako