Shangazi, nimepasuliwa mara mbili na mume wangu anasema Mungu ndiye mpangaji

Shangazi, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 31 na ninaishi Umoja na mume wangu, ambaye tulifunga naye ndoa kanisani. Watoto wetu wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miezi mitano, walizaliwa kwa upasuaji. Mara ya pili niliongezewa damu, na daktari akanionya nisishike mimba kabla ya miaka miwili kupita. Alidokeza pia kwamba nikipasuliwa mara ya tatu, afadhali nifungwe mirija. Muuguzi wa kliniki alitaka kuniwekea kijiti cha kuzuia mimba, nikakataa kwa sababu ya imani. Mume wangu anasema Mungu ndiye mpangaji, na mama mmoja wa jumuiya yetu anasema hata kuhesabu siku ni ukosefu wa imani. Tangu nirudi kazini ninalala na mtoto katika chumba kingine, na nimeacha kupokea komunyo kwa kuwa najiona mnafiki. Nifanye nini?
Mama Wawili, Umoja

Mama Wawili,

Nitaanza na komunyo, kwa kuwa ndilo jambo jepesi zaidi katika barua yako na ndilo linaloonekana kukutafuna kuliko mengine yote. Sioni ulilotenda. Kuogopa kufa si dhambi, kulala karibu na mtoto anayenyonya si dhambi, na kumsikiliza daktari aliyekushona si dhambi. Zungumza na paroko wako ukitaka moyo utulie, lakini usijifungie mlango ambao hakuna mtu mwingine aliyeufunga.

Daktari wako hakutia chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe hadi mimba nyingine itungwe, na ushauri huo ni wa akina mama wote, hata wale wasiowahi kuguswa na kisu. Wewe una kovu katika ukuta wa mji wa mimba, na mimba ikija kabla kovu halijakomaa, hatari ya kuachia wakati wa uchungu huongezeka. Isitoshe, kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza juu ya kovu na kuzama ndani ya nyama, hivi kwamba mtoto akishatoka halibanduki na damu haikatiki. Kwako, uliyekwisha kulala ukiitazama damu ya mtu mwingine ikidondoka mrijani, habari hizi si za kutishana.

Sasa tuje kwa mume wako. Maneno yake yanasikika kama ya kichamungu, ila sivyo Kanisa lake linavyofundisha. Waraka wa Humanae Vitae, alioutoa Papa Paulo wa Sita mwezi Julai 1968, unajulikana kwa yale uliyoyakataza, na wengi hawafiki pale unaposema kwamba wazazi wanaowajibika huzingatia hali ya mwili, ya uchumi, ya nafsi na ya jamii, na kwamba zikiwapo sababu nzito za kupisha uzazi, wanandoa wanaruhusiwa kukutana katika siku zisizo za rutuba. Na iwapo waraka ni mgumu, msimulie kisa hiki. Januari 2015, akiwa ndegeni akirejea Roma kutoka Ufilipino, Papa Fransisko aliwaeleza wanahabari kuhusu mama mmoja aliyemkuta parokiani akiwa na mimba ya nane baada ya kupasuliwa mara saba. Alimuuliza kama alitaka kuacha mayatima saba, akasema huko ni kumjaribu Mungu. Mama yule alipojitetea kwamba anamtumainia Mungu, Papa alimjibu kwamba Mungu ametupa njia za kuwajibika. Sidhani kama mume wako anajiona Mkatoliki kumzidi Papa.

Yule mama wa jumuiya msamehe, ila usimfanye kuwa mwalimu wako wa dini. Mimi nilijifungua enzi ambazo mwanamke akipasuliwa, majirani walikuja kumpa pole kana kwamba amefiwa, na wengine walinong'ona kwamba hakuzaa, alizalishwa. Nimejifunza kwamba wanaosema kwa sauti kubwa kuhusu tumbo la mwenzao mara nyingi hawajui lilivyoshonwa.

Kuhusu kijiti sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kanisa halikubali kijiti, sindano, koili wala kondomu kwa nia ya kuzuia mimba, na ulipokataa ulijua unachokikataa. Hata hivyo muuguzi naye hakukosea kwa upande wake. Katika mwaka mmoja, kati ya wanawake 100 wenye kijiti hafiki hata mmoja anayeshika mimba, ilhali kati ya wanaotumia njia za asili hupata mimba kuanzia 2 hadi 23, kulingana na njia yenyewe na uangalifu wa wahusika. Tofauti kati ya 2 na 23 ni mafunzo, na ni mume. Uamuzi uko kati yenu wawili, dhamiri zenu na Mungu wenu, nami sitauamua kutoka kwenye meza yangu. Ninachokikataa ni kukataa kijiti kisha kuketi bila njia yoyote, kwa sababu hapo ndipo ulipo leo.

Huenda unadhani kunyonyesha kunakulinda. Kinga hiyo huwapo mambo matatu yanapokutana: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya titi pekee mchana na usiku. Wewe umerudi kazini. Kama mchana mtoto anapewa maziwa ya kopo, sharti moja limekwisha kuvunjika, na baada ya wiki chache la umri litafuata. Kumbuka pia kwamba yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, ndiyo maana wapo wanawake walioshika mimba bila kuona hata tone. Kuhesabu siku kwenye kalenda hakutakufaa kwa sasa, kwa kuwa huna mzunguko wa kuuhesabu.

Njia ya Billings, iliyoanzishwa Australia na daktari John Billings na mkewe Evelyn, inaweza kutumika hata hedhi ikiwa haijarudi, kwa sababu haihesabu siku bali inafuatilia ute. Unanunua daftari la kawaida la shule, na kila jioni unaandika mstari mmoja: leo nimehisi ukavu, leo unyevu, leo ute unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Katika siku za ukavu mnakutana jioni tu, baada ya wewe kushinda umesimama na kutembea na kuhakikisha kwamba hakuna mabadiliko, na kesho yake mnapumzika ili mabaki ya jana yasije yakachanganywa na ute. Mabadiliko yakionekana mnangoja. Ukishatambua siku ya mwisho ya utelezi, mnakaa kando hadi siku ya nne. Usijifundishe mwenyewe kutokana na mistari hii michache. Uliza ofisi ya parokia ikuelekeze kwa mwalimu wa uzazi wa mpango wa asili, na mwende wawili. Kalamu ya daftari ishikwe na mume wako. Mwanamume anayeandika kwa mkono wake kwamba leo si siku huacha kukuona kama mtu anayemnyima.

Kuhama chumba nakuelewa, lakini mume asiyejua sababu hujitungia ya kwake. Mwambie waziwazi kwamba unaogopa kaburi, na kwamba yeye humkimbii.

Ushauri wa kufungwa mirija nao haujaachwa bila jibu. Mwaka 1993 Vatikani ilijibu kwamba si halali kuifunga kwa ajili tu ya hatari ya mimba zijazo, hata kama mji wa mimba umedhoofishwa na upasuaji wa awali. Lakini mji wa mimba ukilazimika kuondolewa kwa sababu umeharibika na damu haizuiliki, hilo ni tiba.

Kabla ya yote hayo, nenda hospitalini uombe nakala ya ripoti ya upasuaji wako, uiweke ndani ya kitabu cha mama na mtoto. Kovu unaloliona kwenye ngozi halikuambii mji wa mimba ulikatwa vipi. Ngozi inaweza kuwa na mstari wa mlalo na ndani pakawa na mkato wa wima. Ukikuta herufi LSCS, ulikatwa sehemu ya chini, na huo ndio mkato unaopona vizuri zaidi. Ukiambiwa kwamba mkato ulikuwa wa wima, usiondoke kabla daktari hajakueleza wewe na mume wako mkiwa pamoja maana yake kwa mimba yoyote ijayo, kisha niandikie tena.