Umebadilisha faili au umebadilisha miwani? Maswali yenu kuhusu picha kwenye QGIS

Safari hii maswali yamefanana kama mapacha: picha za setilaiti, picha za droni, ramani zilizoskaniwa, na lile dirisha la sifa linalofunguka ukibofya mara mbili jina la leya, yaani tabaka la ramani. Nimechukua saba. Wengi wenu mnatumia QGIS, programu ya ramani, kwa kuwa haina malipo, basi nitajibu kwa QGIS na kwa GDAL, zile programu ndogo za kuandikiwa amri zinazokuja nayo.

Habari ya kazi. Niliskani shiti ya zamani ya 1:50,000, nikaipa kodineti kwa kufuata namba za gridi zilizochapwa pembeni. Nilipoiweka juu ya picha ya setilaiti, barabara na reli zote zikawa zimesogea kama mita 300. Nikaingia kwenye sifa za leya, nikabadilisha mfumo wa kodineti, ikakaa vizuri kabisa. Nimemtumia mwenzangu faili lilelile, kwake limesogea tena. Kompyuta yake ina tatizo? (Mpima ardhi, Dodoma)

Nzuri. Kompyuta ya mwenzako haina kosa lolote.

Shiti zile za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, datamu ya zamani ya huku kwetu, yaani msingi ambao kodineti hupimwa kutoka kwake. Ukisoma maandishi madogo ya chini ya ramani utakuta jina hilo, pamoja na Clarke 1880, umbo la dunia linalotumiwa na datamu hiyo. Namba ulizosoma pembeni zilikuwa za Arc 1960, lakini ulipohifadhi faili ukachagua WGS 84, datamu inayotumiwa na GPS, pengine kwa sababu ndiyo inayojitokeza kwanza kwenye orodha. Kwa upande wetu huu, kosa hilo huisukuma ramani kama mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Siku hizi nikiona picha imehama kwa kiasi hicho siulizi, naenda moja kwa moja kuangalia datamu.

Kwa hiyo dawa uliyoitumia ilikuwa sahihi, ila umeipaka mahali pasipo jeraha. Ukibadilisha mfumo wa kodineti ndani ya dirisha la sifa, QGIS inaandika kwenye faili la mradi: "leya hii nitaisoma hivi." Picha yenyewe haijaguswa. Umevaa miwani wewe. Mwenzako amepokea picha bila miwani.

Ukitaka lebo, yaani jina la mfumo wa kodineti, ikae ndani ya faili, andika hivi:

gdal_edit.py -a_srs EPSG:21036 shiti.tif

Namba 21036 ni Arc 1960 kanda ya 36 Kusini ya gridi ya UTM. Dodoma mjini iko kanda ya 36, ingawa mstari wa longitudo 36 unapita mashariki kidogo tu ya mji. Ukifika Morogoro uko kanda ya 37, na hapo ni 21037. Usiogope amri: kwenye menyu ya rasta ya QGIS kuna zana ya kupachika projeksheni inayofanya kazi hiyohiyo, nayo inaandika ndani ya faili bila kutengeneza nakala. Kwa hiyo nakala itengeneze wewe kwanza. Ukimaliza, andika gdalinfo shiti.tif usome faili linajitambulishaje lenyewe, bila mradi kulisemea.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo watu huumia. Kubadili lebo kunafaa pale tu lebo ilipokuwa ya uongo. Kama lebo ni ya kweli na unachotaka ni ramani hiyo katika WGS 84, hilo ni jambo jingine: gdalwarp -t_srs EPSG:32736, ambayo inakokotoa pikseli upya na kukupa faili jipya. Nimewahi kuletewa picha iliyobadilishwa lebo mara nne na watu wanne, kila mmoja akijaribu kurekebisha kosa la aliyemtangulia. Tuliishia kuiskani upya.

Na QGIS ikikuuliza utumie njia gani ya kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, usibofye ya juu kwa mazoea. Kuna zaidi ya moja, nyingine ni za Kenya, nyingine za Tanzania, na majibu yake hayalingani hadi mita ya mwisho.

Othofoto (picha ya juu iliyonyooshwa ikae kama ramani) ya droni ya shehia yetu ina ukingo mweusi mzito. Nimeambiwa niweke sifuri kuwa nodata, yaani alama ya "hapa hakuna data". Ukingo umeondoka, lakini sasa picha ina matundu, hasa kwenye vivuli vya minazi na juu ya mapaa mekundu. (Msomaji, Unguja)

Unguja na Pemba zimepigwa picha nyingi za droni tangu mradi mkubwa wa 2016, kwa hiyo swali hili nalipata mara kwa mara.

Sifuri haikai ukingoni peke yake. Chini ya mnazi saa nne asubuhi kivuli kinaweza kushuka hadi sifuri. Paa jekundu nalo lina nyekundu nyingi, kijani kidogo, na bluu mara nyingine hakuna kabisa. QGIS ikichora picha ya rangi tatu, bendi (tabaka la rangi) moja tu ikiwa nodata inatosha kulifanya pikseli zima liwe wazi. Ndiyo maana umeona matundu juu ya bati jekundu wakati bati la kijivu la jirani limesalimika.

Ondoa hiyo sifuri. Kisha, kwenye kichupo cha uwazi, angalia kama picha ina bendi ya nne. Programu nyingi za kuunganisha picha za droni hutoa bendi ya alfa, inayosema wapi kuna picha na wapi hakuna. Ikiwepo, ichague kuwa bendi ya uwazi na kazi imekwisha.

Isipokuwepo, tumia nearblack:

nearblack -of GTiff -setalpha -o safi.tif shehia.tif

Uzuri wake ni kwamba inaanzia ukingoni na kula weusi kuelekea ndani, ikigonga rangi inasimama. Kivuli cha mnazi kilicho katikati ya shehia haikifikii. Pia inavumilia weusi ambao si sifuri kamili, kama ule wa picha zilizobanwa kwa JPEG, ambako ukingo una 1, 2, 3 zilizotapakaa kama chawa.

Picha yangu ya setilaiti ya Sentinel-2 inaonekana vizuri kwenye QGIS. Nikimtumia bosi anaifungua kwa programu ya kawaida ya picha, anasema nimemtumia giza. (Mwanza)

Bosi anasema kweli. Faili hilo ni la biti 16, lina nafasi ya thamani kuanzia 0 hadi 65535. Ardhi ya kawaida kwenye Sentinel-2 mara nyingi haivuki 3000 au 4000. Kwa programu ya kawaida, 3000 kati ya 65535 ni weusi mtupu. QGIS inakuonyesha vizuri kwa sababu imepima thamani, ikakata asilimia 2 za chini na asilimia 2 za juu, ikazivuta zilizobaki zijaze skrini. Miwani tena.

Unapohifadhi nakala ya leya, juu kabisa unaulizwa kama unataka data ghafi au picha kama inavyoonekana. Kwa bosi chagua ya pili. Ila nakala hiyo usije ukaitumia kukokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea. Zile namba zimeshapikwa, utapata ramani ya kijani yenye kupendeza isiyo na maana yoyote.

Na kwa waliouliza mpangilio wa bendi: rangi za kawaida ni 4-3-2 kwa Sentinel-2 na kwa Landsat 8 na 9, lakini ni 3-2-1 kwa Landsat 5 na 7.

Nina maswali mawili kuhusu ramani ya mwinuko ya SRTM ya milima ya Usambara. Kwanza, inasema sehemu ya chini kabisa ni mita -32768. Pili, nimeigeuza pikseli kutoka mita 30 kuwa mita 5 lakini vijito bado havionekani. (Lushoto)

La kwanza: hiyo ni alama ya mahali ambapo rada haikupata kitu, na kwenye milima mikali kama yenu sehemu za namna hiyo hazikosi. Faili lako limepoteza tangazo la nodata, basi programu inaichukua alama kuwa kimo. Andika gdal_edit.py -a_nodata -32768 mwinuko.tif. Halafu angalia pembeni ya faili kama kuna lingine linaloishia na .aux.xml. Humo huhifadhiwa takwimu za zamani, wastani ulioharibika ukiwemo. Lifute, QGIS itapima upya. Watu wengi husahau hatua hii wakadhani amri haikufanya kazi.

La pili: ukiongeza maji kwenye uji unapata vikombe vingi, unga ni uleule. Data ile ilikusanywa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000, na kijito cha mita tatu hakikuonekana siku hiyo.

Nimepewa picha ya Likoni pamoja na kijifaili chenye .tfw. Nikikifungua ni namba sita tu. Za nini? Na nikitaka kuisogeza picha mita mbili mashariki, nibadilishe ipi? (Mombasa)

Napenda sana kijifaili hiki, ni kati ya vitu vichache katika fani hii unavyoweza kuvisoma kwa macho. Chukua mfano wa picha yenye pikseli za sentimita 10:

0.1
0
0
-0.1
573000.05
9549499.95

Namba ya kwanza ni upana wa pikseli. Mbili zinazofuata ni za kuzungusha, kwa kawaida sifuri. Ya nne ni urefu, una alama ya kutoa kwa sababu safu za picha huhesabiwa kwenda chini ilhali kodineti za kaskazini hupanda juu. Mbili za mwisho ni mahali lilipo pikseli la kwanza, juu kushoto. Ni katikati yake, si kona. Ndiyo maana ya zile sentimita 5. Ukitaka mita mbili mashariki, ya tano iwe 573002.05.

Lakini usishangae picha isiposogea. Kama TIF yako imebeba kodineti ndani yake, QGIS inasikiliza za ndani kwanza na kijifaili hakina sauti. Hapo utahitaji gdal_edit.py -a_ullr pamoja na kodineti za kona mbili, juu kushoto na chini kulia. Kwa picha ya JPG mambo ni tofauti: ya kwake huishia na .jgw, na mara nyingi ndiyo pekee iliyonayo. Ikipotea, picha imekuwa ya ukutani.

Jambo moja zaidi: namba sita hizi hazitaji mfumo wa kodineti. 573000 ya kanda gani? Kenya inakatwa na ikweta, na nimeona mtu akichagua kanda ya 37 Kaskazini kwa picha ya Mombasa. Picha iliruka kilomita 10,000.

Faili la GB 12, kila nikivuta ramani nasubiri mpaka usingizi. (Nairobi)

Halina piramidi, yaani nakala ndogondogo za kuonyesha ukiwa umevuta nyuma. Andika gdaladdo -ro -r average shamba.tif 2 4 8 16 32. Hiyo -ro huziweka kwenye faili la pembeni la .ovr bila kugusa la asili. Tenga nafasi ya kama theluthi moja ya ukubwa wa picha isiyobanwa. Kama ni ramani ya matumizi ya ardhi, badala ya average weka nearest. Wastani wa msitu wenye namba 2 na ziwa lenye namba 4 ni 3, na 3 kwenye ramani yako huenda ni makaburi.

Shikamoo mwalimu. Kwenye kichupo cha metadata (maelezo kuhusu picha) kuna nafasi nyingi za kujaza. Je, ni lazima? Na nikijaza zinakwenda wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Zinakwenda kwenye mradi, au kwenye faili la pembeni la .qmd ukiamua kuzihifadhi hivyo. Ukimtumia mtu TIF peke yake, hazifiki. Za kwenda na picha ziandike ndani: gdal_edit.py -mo "TAREHE_YA_KURUKA=2024-05-03" picha.tif.

Zote si lazima. Mimi hujaza tatu: tarehe ya kupiga picha, aliyepiga, na kodineti zilipimwa kwa kifaa gani. Tarehe nimejifunza kwa aibu. Nina picha mbili za bonde la Msimbazi, mto.tif na mto2.tif, moja ya kabla ya mafuriko na nyingine ya baada. Nilipoombwa kuonyesha ukingo umeliwa kiasi gani, sikujua ipi ni ipi. Tarehe iliyomo ndani ya mafaili ilikuwa ya siku nilipoziunganisha, na zote mbili niliziunganisha Jumamosi moja. Nikakaa nikitazama vivuli na rangi ya maji kama mganga. Mwishowe nikampigia rubani wa droni, naye ana tabia ya kuandika kila safari kwenye daftari la shule. Alinisomea kurasa mbili kwa simu, kisha akadai chai na chapati.