Maswali Yenu: Neno Refu la Kinorwei Unalikata Wapi?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni nesi hapa Kisumu, nasoma Kinorwei jioni nikitoka kazi na maneno yao marefu yananimaliza. Juzi nimekutana na arbeidstillatelse nikakosa hata pa kuvutia pumzi. Na sykehus, fupi vile, nikiisema naambiwa haieleweki. Silabi zinakatwa aje? – Nesi wa Kondele

JIBU: Dada, hongera kwa kujitahidi. Shida yako si urefu wa neno, ni mkazo wa Kiswahili tunaobeba kila mahali. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiria, sasa ukifika kwa sykehus, yaani hospitali, unasema sy-KE-hus na hapo ndio unampoteza msikilizaji juu hiyo ke ndiyo silabi dhaifu kuliko zote. Syk ni mgonjwa, hus ni nyumba, hiyo e katikati ni gundi tu. Kaza SY na uivute, e ipite haraka, halafu hus ipate mkazo mdogo. Legevakt, kule unakimbilia ukiwa na dharura, ni vile vile: LE-ge-vakt.

Kwa hivyo usianze na silabi, anza kwa kutafuta maungio. Gundi ingine ni s: arbeid ni kazi, tillatelse ni ruhusa, basi arbeids-tillatelse ni kibali cha kazi, na hiyo s inabaki na neno la kwanza. Ukiandika na mstari uishe, kata hapo. Ndio sasa unashuka kwa silabi: ar-beids-til-la-tel-se. Silabi zao zinafungwa na konsonanti bila wasiwasi, na ulimi wetu unatamani kuongeza i pale, usiuruhusu.

Førstehjelp, huduma ya kwanza, nayo ni ya kufanyia mazoezi sana. Upande wa Oslo hiyo rs inageuka sh, h ya hjelp haisikiki, j inasomwa kama y yetu, kwa hivyo unasikia føshte-yelp, na ø unaipata ukisema e huku midomo imeviringwa kama ya o.

Kuhusu pumzi, usivute katikati kabisa. Neno ni moja na linabebwa na mkazo mmoja mkubwa, mara nyingi mwanzoni. Røykfritt ni mahali hapavutwi sigara, lakini ukiligawa likawa røyk fritt umewaambia watu wavute wapendavyo, na Wanorwei wenyewe hulalamikia sana kosa hilo kwa maandishi.

Wiki hii chukua barneavdeling, wodi ya watoto: bar-ne-av-de-ling. Kaza bar, kisha av kidogo, na usiunganishe e na a. Sema polepole kwanza, uongeze spidi mpaka litoke kwa pumzi moja.