Ghairi hicho chumba cha Mtwapa, lala kisiwani

Mkuu, usitume hela ya chumba kwanza. Umesema una siku tatu Mombasa, unatoka Dar kwa basi, begi mgongoni, na umepata chumba Mtwapa ambacho ni nafuu kwa shilingi 500 za Kenya kuliko gesti za mjini. Umeuliza pia kuhusu ngome ya Fort Jesus na chakula. Tuanze na chumba, maana ndicho kitakachokumaliza. Mimi niliingizwa mkenge hivyo hivyo na dalali, kwa maneno hayo hayo: "Mtwapa hadi mjini ni nusu saa tu."

Nusu saa ya saa ngapi? Mji wa Mombasa uko kisiwani, Mtwapa iko bara, kaskazini, na mpaka ufike mjini unavuka madaraja mawili. Unapita daraja la Mtwapa, Shanzu, Bamburi, Bombolulu, Kongowea, ndipo ufike Daraja la Nyali. Asubuhi watu wa upande huo wote wanaingia kisiwani kazini, jioni wanatoka, na daraja ni lile lile. Saa hizo ndizo makondakta wanapandisha nauli, na mvua ikinyesha wanapandisha tena. Dalali anayajua haya yote. Kumficha mgeni jambo kama hili ni wizi, na inaniuma kuona bado wanaendelea.

Piga hesabu. Tuseme nauli ni 100 saa za kawaida na 150 saa za foleni. Kwenda na kurudi mara moja saa za foleni ni 300, kwa hiyo utaona bado umebakiwa na 200. Shida ni jua. Mombasa inatembelewa kwa miguu, na saa za kutembea ni asubuhi mpaka kama saa nne na nusu, kisha kuanzia saa kumi jioni. Katikati hapo joto lina unyevu, shati linagandia mgongoni, na maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa. Aliyelala kisiwani anarudi chumbani, anaoga, anajinyoosha chini ya feni, jioni anatoka akiwa mpya. Wewe wa Mtwapa utafanya nini? Ukirudi kupumzika, safari zinakuwa nne, na zile 500 zimekwisha zote. Ukibaki mjini, unanunua kivuli: juisi, soda, chai, sahani ya pili ya wali ambayo hukuwa na njaa nayo, ili mradi usifukuzwe kwenye kiti. Usiku ndiyo balaa zaidi. Matatu zinapungua, unabaki unabembelezana na dereva wa tuktuk anayeona wazi kwamba huna njia nyingine.

Kinachosikitisha zaidi ni basi la Dar likikushushia Mwembe Tayari, maana Mwembe Tayari iko kisiwani! Umeshafika, halafu unalipa nauli kutoka.

Tafuta gesti kati ya Mwembe Tayari na Digo Road. Usilipe kabla hujaingia chumbani. Fungua bomba: maji ya Mombasa hukatika, na ya kisima yana chumvi, kwa hiyo uliza kama kuna tangi na ndoo. Washa feni mpaka mwisho uisikie. Kunjua chandarua, kikague kwenye mwanga. Kikatae chumba cha ghorofa ya juu kabisa chenye zege tupu juu yake, kwa sababu zege linanyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku kucha.

Ukilala hapo, asubuhi unaanza na soko la Marikiti, unakatiza Mtaa wa Biashara kwenye kanga na vikoi, unaingia Ndia Kuu, unapita Msikiti wa Mandhry, unatokea Fort Jesus inayofunguliwa saa mbili. Yote kwa miguu. Beba pasipoti au kitambulisho, maana raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu ya mgeni wa mbali. Ngome hiyo Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Usikimbie ukumbi wenye vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la Kireno lililozama hapo chini mwaka 1697. Wanaojitolea kukutembeza mlangoni, patana nao bei kabla hujapiga hatua hata moja.

Saa kumi nenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari. Hakuna kiingilio, kuna mibuyu, viazi karai, mihogo yenye pilipili na ndimu. Kaa ukingoni usubiri meli inayoingia bandari ya Kilindini: mlango wa bahari pale ni mwembamba, meli inapita karibu kiasi kwamba unaona kutu ubavuni. Ukitaka, shuka Likoni uvuke na kivuko. Mwenda kwa miguu halipi, kwenda wala kurudi. Ila uwe umerudi kabla ya saa kumi na moja, kabla ya umati wa wanaotoka kazini. Dalali mjibu leo hii kwamba chumba hukitaki.