Kwa mnaoanza kazi kwenye programu za mikopo ya simu

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuajiriwa kwenye kampuni za mikopo ya simu, iwe Dar au Nairobi, siku ya kwanza mtapewa somo la faragha ya mteja. Slaidi kadhaa, sahihi mwishoni, halafu chai. Sikilizeni na msaini. Ila maadili ya kazi hii hamtayakuta kwenye slaidi. Mtakutana nayo kwenye vikazi vidogo vya Jumatatu asubuhi: ongeza ruhusa hii, weka kisanduku kile kwenye fomu, tengeneza ujumbe wa kumkumbusha anayedaiwa.

Chukueni ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Kwa Android ni mstari mmoja tu wa msimbo, READ_CONTACTS. Mkopaji ana shida ya haraka, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, anabonyeza "Ruhusu" bila kusoma, na orodha yake yote inapanda kwenye seva. Aliyebonyeza ni mtu mmoja. Waliochukuliwa namba ni shemeji, mwenye nyumba, mhazini wa kikoba, bodaboda aliyembeba mara moja akaiacha namba. Hakuna aliyewauliza. Siku marejesho yakichelewa, watu wa makusanyo wanaifungua ile orodha, na baba mkwe anapokea ujumbe: "Mwambie alipe deni lake leo, amekuweka wewe kuwa mdhamini." Hakumweka. Ni programu iliyomchagua, pengine kwa sababu tu huwa wanapigiana simu mara kwa mara.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwenye kazi yoyote ya data ni hili: humu ndani kuna nani ambaye hajakubali chochote? Mteja angalau ana vigezo na masharti, hata kama hakuvisoma, na ana namba ya kupiga akilalamika. Baba mkwe hana mkataba na kampuni yako, hajui hata ipo, na aibu inayomfika hailipwi na mtu.

Sheria imeanza kulitambua hilo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kupitia watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Google nao, kuanzia 31 Mei 2023, walizikataza programu za mikopo kwenye duka lao kugusa orodha ya majina na picha za mtumiaji. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ikapiga marufuku aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mtaani mikopo ya namna hiyo ilishapewa jina lake zamani: kausha damu.

Lakini hesabuni miaka. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Kenya 2012, programu za mikopo za Tala na Branch zikaja baadaye kidogo, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa wakopeshaji wa kidijitali zilitoka 2022. Miaka kumi. Muda wote huo aliyeweza kuuzuia ule mstari mmoja ni yule aliyeagizwa auandike.

Kuzuia si lazima kuwe kugombana. Bosi akisema anahitaji mdhamini, ana haki ya kuhitaji mdhamini. Android ina njia ya kumfungulia mkopaji orodha yake mwenyewe achague jina moja, na programu ikapata namba hiyo moja tu bila ruhusa ya kusoma zote. Kisha mtumie mdhamini SMS akubali au akatae kabla mkopo haujatoka. Nendeni kwenye kikao na hiyo ikiwa tayari imetengenezwa, inafanya kazi kwenye simu. Nimeona mabishano ya wiki nzima yakiisha kwa onyesho la dakika mbili. Hoja tupu huwa haishindi tarehe ya mwisho ya mradi.

Kuhusu mashine inayoamua nani akopeshwe, angalieni inakula nini. Shivani Siroya, mwanzilishi wa Tala, aliwahi kueleza hadharani kwamba watu wanaohifadhi namba kwa jina la kwanza na la ukoo huwa walipaji wazuri zaidi. Huenda takwimu zake zilisema hivyo. Sasa fungua simu ya mama anayeuza samaki Feri: Mama Asha Mboga, Fundi Bomba, Bosi Mpya, Usipokee. Ukoo haupo hata mmoja, na kila namba anaijua ni ya nani. Mfumo ukimshusha alama kwa hilo, umepima desturi ya kuandika majina, haujapima uaminifu. Kosa hilo halitaonekana popote, maana atakachoona yeye ni "Samahani, hujakidhi vigezo." Wekeni kwenye kanzidata sababu ya kila kukataliwa, kwa maneno ambayo mtu wa huduma kwa wateja anaweza kumsomea mteja kwenye simu. Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na haki hiyo haitekelezeki kama hata nyie wenyewe hamjui mashine ilitazama nini.

Kuna udanganyifu mmoja mtauona sana, na unaniudhi: "Data tumeifanya isitambulike, namba za simu tumezisaga kwa SHA-256." Hiyo ni hesabu inayoigeuza namba kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, lakini namba ileile hutoa jibu lilelile kila mara. Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi na inaanza na 06 au 07. Zimebaki nane. Jumla ni namba milioni 200, na laptop ya kawaida inazisaga zote kwa muda mfupi na kulinganisha majibu. Mwenye faili hilo ana namba zote. Kama hamzihitaji kwa uchambuzi, zifuteni.

Mkiagizwa jambo msilokubaliana nalo, andikeni pingamizi palepale kwenye tiketi ya kazi, yaani rekodi ya kazi hiyo kwenye mfumo wa timu, kwa sentensi mbili zisizo na jazba: nani ataumia, na mnapendekeza nini badala yake. Maneno ya korido hayana tarehe. Maandishi yanamfanya mkubwa afikiri kabla ya kujibu "endelea", na akijibu hivyo jina lake linabaki pale.

Kama bado hamjasaini mkataba wa ajira, kwenye usaili ulizeni mambo matatu: namba za wadhamini mnazipataje, data ya aliyemaliza deni mnaifuta lini, na watu wa makusanyo wanalipwa mshahara au kamisheni. Ukiambiwa "hayo ni ya watu wa sheria," uliza huyo mtu wa sheria ameiona lini mara ya mwisho skrini ya ruhusa ya programu yenu.